Barua kwa mwanangu: ile sare ya sataranji ya jana

Mwanangu mpenzi,

Jana ulirudi kimya, ukaingia chumbani bila kula. Usiku nikachukua karatasi yako ya hatua, nikaupanga mchezo upya ubaoni mpaka nikafika pale unaposema ulitupa ushindi.

Hukutupa kitu pale. Mfalme wako chumba cha d5, askari e5, ngome a7. Mfalme wa mpinzani wako e8, ngome yake b6. Hiyo ngome ndiyo iliyokuzuia: ikishika mstari wa sita, mfalme wako hana pa kuvukia. Ukasukuma askari e6, naye papo hapo akaiteremsha ngome hadi b1. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikauona mkono wake unatetemeka alipobonyeza saa. Ukaingia d6. Ilibaki ngome yako iende a8 tu, mfalme wake afungwe. Cheki, yaani shambulio kwa mfalme wako, ikatoka d1. Ukarudi e5, cheki ikatoka e1. Pa kujificha huna, maana kile chumba cha e6 ambacho kingemsitiri mfalme amekikalia askari wako mwenyewe.

Ulinzi huo aliueleza Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, mwaka 1777. Mpinzani wako aliujua, tena akaukumbuka dakika zikiwa zinamwishia. Kwa sisi wachezaji wa klabu hilo si jambo dogo, mwanangu. Nimewaona wengi wakiiondoa ngome mstari wa sita kabla ya wakati, wakafungwa. Nusu pointi yake aliitolea jasho.

Ukitaka kosa, rudi hatua ya 38. Ulikuwa umemzidi askari mmoja, kisha ukakubali kubadilishana wale wa pembeni, ukabaki na huyo mmoja peke yake. Aliyezidi askari hubadilishana vipande vikubwa. Askari huwatunza, maana kila mmoja ni malkia mtarajiwa akifika mwisho wa ubao. Hapo ndipo paliponiuma mimi, kwa kuwa somo hilo nililipitia na wewe haraka haraka.

Na hali ileile iliporudi ubaoni mara ya tatu, mchezo ukawa sare, ulimpa mkono ukimtazama usoni. Nilikuona.

Ubao nimeuacha mezani, vipande viko vilevile kabla ya e6. Ukiamka, kaa upande wa weusi. Mimi nitasukuma askari, wewe unizuie.

Mama yako