Wafugaji wa Chalbi wasikilizwe

Mhariri,

Hapa Mombasa, ukame ukizidi tunalalamikia bei ya nyama. Kwa Wagabra na Warendille, wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kandokando ya jangwa la Chalbi, ukame ni msiba wa nyumba nzima. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Hata ngamia walikufa, wanyama wanaokaa siku nyingi bila maji! Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko, yakasomba mifugo ya kaskazini.

Wazee wa wafugaji hao wamerithi elimu ya malisho na visima. Inaniuma mipango ya ukame ikijadiliwa mahotelini bila wao. Serikali iwaite sasa, malisho yakiwa bado yapo.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa