Shukrani kwa ndugu aliyetunasua kwenye hifadhidata

Asante sana, ndugu usiyejitaja, kwa kutufundisha kusoma ujumbe wa kosa kabla ya kukimbilia kubadilisha nenosiri, pale tuliposhindwa kuingia kwenye hifadhidata kupitia VPN (mtandao binafsi wa kuunganishwa ukiwa mbali). PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikikaa kimya hadi muda uishe, kagua njia: VPN, ukuta wa moto, poti 5432 (mlango wake wa kawaida). Ikijibu kwamba pg_hba.conf, faili la kanuni za nani aruhusiwe kuingia, haina mstari unaokuhusu, nenosiri usiliguse. Seva imekuona kwa anwani ya VPN, tuseme 10.8.0.5, ambayo haijaruhusiwa. Ongeza humo mstari wa host wenye 10.8.0.0/24 (kundi la anwani lenye hiyo ya VPN) na scram-sha-256 (njia ya kuthibitisha nenosiri), kisha endesha SELECT pg_reload_conf() ili seva isome faili upya. Wala huhitaji kuzima seva. Lile onyo lako kuhusu mpangilio wa mistari ndilo limetufaa kuliko yote: seva hufuata mstari wa kwanza unaolingana, hata kama wa chini yake ungekuruhusu. Mungu akuzidishie.