Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wapenzi wa opera, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025, mwaka ambao kamati iliamua kuelekeza nguvu zetu zote kwenye kazi moja, nayo ni opera ya Tosca ya mtunzi Giacomo Puccini, iliyotimiza miaka 125 tangu ionyeshwe kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Costanzi, Roma, tarehe 14 Januari 1900.

Tarehe hiyo hiyo mwaka huu, ukumbi ule ule, ambao leo ni Teatro dell'Opera di Roma, uliirejesha jukwaani tanzia hiyo, okestra ikiongozwa na Michele Mariotti, kwa mandhari na mavazi yanayofuata michoro ya Adolf Hohenstein ya onyesho lile la kwanza. Kazi ya ufufuaji ilianza kuonekana mwaka 2015, chini ya mwelekezi Alessandro Talevi, ambapo Carlo Savi aliunda upya mandhari na Anna Biagiotti akashughulikia mavazi, wakitegemea michoro inayotunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya Ricordi, wachapishaji wa muziki, Milano.

Baadhi yenu mmeuliza vikaoni kwa nini turudi kwenye mapazia ya kale ilhali wapo waelekezi wanaoiweka hadithi hii katika zama zetu. Swali hilo ni la haki. Kamati inaamini kwamba Tosca imefungamana na mahali, yaani Roma: kanisa la Sant'Andrea della Valle, Palazzo Farnese na ngome ya Castel Sant'Angelo, mwezi Juni 1800, habari za vita vya Marengo, kati ya majeshi ya Napoleon na Waaustria, zikiwa zinaingia mjini. Puccini alipanda mwenyewe kwenye ngome hiyo kusikiliza kengele za alfajiri, kisha akaziandika mwanzoni mwa sehemu ya tatu, kila moja kwa upande wake na umbali wake. Ukiiondoa Roma jukwaani, kengele hizo hukosa pa kutokea.

Ushahidi mkubwa zaidi umo mwishoni mwa sehemu ya pili. Baada ya kumuua Scarpia, mkuu wa polisi, mwimbaji Tosca anaweka mshumaa kila upande wa maiti, anamwekea msalaba kifuani, kisha anatoka bila kuimba neno. Hohenstein alilichora tukio hilo hilo kwenye bango la opera hii, na kwa maoni yangu hakuna ukurasa wa muziki unaodai zaidi mkono wa mchoraji.

Hata hivyo, kunakili rangi pekee hakutoshi. Pazia lililopakwa rangi hupata kina kutokana na vivuli vilivyochorwa, na taa kali zikilipiga ovyo, kina hicho hutoweka.

Hesabu za mwaka zitasomwa na mweka hazina kwenye mkutano mkuu. Katika mkutano huo kamati itaomba idhini yenu ili chama kitafute, kwa ruhusa ya wamiliki, nakala za michoro hiyo kwa ajili ya maktaba yetu, tuanze na zile za Castel Sant'Angelo.

Mwenyekiti