Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: kinyama cha taya kisisafiri peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi. Mimi ni mtabibu wa meno, kazi yangu iko upande wa Kisauni, na nimeona nikuandikie hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa watu wengi ambao hawana njia ya kufika ofisini kwako. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema usije ukachoka kabla hujalifikia: kila kinyama, yaani kipande cha uvimbe au kidonda, kinachokatwa kinywani au tayani katika kituo chochote cha kaunti hii kipelekwe maabara, na kikienda kiende na eksirei yake na maelezo yake. Kisitupwe, na kisisafiri peke yake.

Mama mmoja alinijia na kijana wake, mchukuzi wa mizigo pale soko la Kongowea. Kijana ana uvimbe wa taya la chini, nyuma kabisa, upande wa kushoto. Hauumi. Ulipoanza aling'olewa gego mahali fulani akaambiwa ni jipu la jino, akapewa antibiotiki. Uvimbe ukabaki pale pale, likang'olewa gego la pili. Baadaye kituo kingine kilimpasua ufizi, kikakwangua kilichokuwamo ndani ya mfupa, na kilichokwanguliwa kikaenda na takataka. Uvimbe ukarudi, tena mkubwa kuliko mwanzo. Hapo ndipo kituo cha tatu kikakata kipande na kumpa mama akipeleke maabara.

Alikitoa kwenye mkoba. Kilikuwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, imejazwa spiriti ya kusafishia vidonda, na plasta iliyoandikwa kwa kalamu "nyama ya taya". Basi. Jina la mgonjwa halipo, umri haupo, hakuna hata mstari mmoja wa kueleza kilikatwa wapi. Kipande kimekauka, kimejikunja kama ganda la ndimu lililosahauliwa juani. Maabara walikuwa wamemrudisha kwa kukosa fomu. "Daktari," akaniambia, "nyama ya mwanangu naizungusha kwenye mkoba tangu juzi, hata nyumbani sijui niiweke wapi."

Niruhusu nikae kidogo kwenye hiyo chupa, Mheshimiwa, maana ndani yake mna nusu ya tatizo letu. Spiriti hukausha nyama na kuisinyaza, na seli zikishasinyaa anayezitazama kwa darubini haoni sawasawa umbo lake. Kinachotakiwa ni fomalini ya asilimia 10, na iwe nyingi, angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Chupa nayo iwe na mdomo mpana. Watu hulidharau hili la mdomo, lakini nyama huingia ikiwa laini, ikishakaa kwenye fomalini inakuwa ngumu, na shingo nyembamba haiitoi tena mpaka uivunje chupa au uichanechane nyama kwa koleo. Fomalini na kopo la plastiki la mdomo mpana si vifaa vya kuagizwa Ulaya. Ni vitu vya kuwekwa kwenye orodha ya ununuzi, tena karibu na mwisho, huko zinakoandikwa pamba na glavu.

Tulikata kipande kingine, tukakitia panapofaa, tukapiga eksirei ya taya zima. Ilionyesha vyumba vyumba vyeusi ndani ya mfupa, vimetengwa kwa kuta nyembamba, na mizizi ya meno ya jirani imelika. Majibu yalisema ameloblastoma. Huu ni uvimbe unaotokana na chembechembe za kutengeneza meno. Kwa kawaida hausambai mwilini, na ndiyo maana watu huuchukulia kwa wepesi, lakini unakula taya taratibu, bila maumivu, mpaka uso unapinda. Kuukwangua tu ni kuualika urudi, maana huacha mbegu zake ndani ya mfupa unaoonekana mzima. Mpasuaji hulazimika kuondoa pamoja nao kiasi cha sentimita moja hadi mbili za mfupa kuuzunguka. Ukishikwa mapema, hicho ni kipande kidogo. Kijana huyu sasa anasubiri kuondolewa karibu nusu ya taya, na kuwekewa chuma, na pengine mfupa wa mguuni siku za usoni. Kama zile takataka za upasuaji wa kwanza zingetiwa kwenye kopo, angeliijua hali yake zamani.

Dunia nzima ameloblastoma ni ugonjwa nadra. Lakini katika ripoti nyingi za hospitali za Afrika, ndiyo inayoongoza kati ya uvimbe unaotokana na meno. Kwa hiyo neno "nadra" lisitumike hapa kama kisingizio.

Sasa nusu ya pili ya tatizo, ambayo hata wenzangu wa hospitali hawaipi uzito unaostahili. Kinyama kikifika salama maabara bado hakitoshi. Kuna maradhi ya taya ambayo chini ya darubini yanafanana kabisa, wala mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma nyama kwa darubini, hana kosa akishindwa kuyatenganisha kwa nyama peke yake.

Chukua mgonjwa mwenye uvimbe wa taya ambao nyama yake imejaa seli kubwa zenye viini vingi. Huenda ni uvimbe wa taya lenyewe, wa kutibiwa pale pale. Huenda pia ugonjwa uko shingoni: tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya koo zimezidisha kazi, zinanyonya kalisi (kalsiamu) kutoka mifupani, na taya ni dirisha tu ambapo madhara yametokeza. Darubini haitofautishi. Kinachotofautisha ni kupima damu, kalisi na homoni ya tezi hizo. Asiyepima atamkata mtu taya ilhali mwizi yuko shingoni, na figo zinaendelea kuumia.

Au chukua msichana ambaye shavu moja limenenepa polepole tangu utotoni. Nyama inaonyesha mfupa mchanga uliochanganyika na nyuzi. Kama eksirei inaonyesha ukungu usio na mpaka, unaoyeyukia kwenye mfupa mzima, huo ni ugonjwa wa mfupa ambao mara nyingi hupunguza kasi mwili ukimaliza kukua, na daktari anaweza kusubiri kisha akapunguza umbo. Kama mpaka uko wazi kabisa, huo ni uvimbe wa kutolewa wote. Nyama ni ile ile, matibabu ni tofauti kabisa, na aliyeko maabara hawezi kujua kama hakutumiwa picha. Nimeziona fomu ambazo pale penye maelezo ya ugonjwa pameandikwa "uvimbe" na sahihi ya daktari. Unamwomba mtu ajibu swali hujamuuliza.

Kuna la usalama pia. Kabla ya kupasua uvimbe wa ndani ya taya unaoonekana mweusi kwenye eksirei, sindano nene hutangulia. Ikivuta maji ya manjano, kuna uwezekano mkubwa ni kifuko. Ikivuta kitu kizito cheupe mithili ya jibini, fikiria kifuko kile sugu kinachopenda kurudi. Ikivuta damu nyekundu inayojaa bomba bila kuvutwa kwa nguvu, simama hapo hapo, usikate, using'oe jino, mpe mgonjwa rufaa. Kuna mishipa ya damu iliyoharibika ndani ya taya ambayo jino moja likitoka damu haizuiliki, na watu wamekufa kwenye kiti cha meno kwa njia hiyo. Bomba na sindano ni shilingi ngapi?

Na kwa watoto, muda ndio kila kitu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya zote mbili, pande zote, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Limfoma ya Burkitt inaambatana na malaria na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa 1964, na pwani yetu ni ya malaria. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia ni ya zile zinazoitikia dawa vizuri zikianzwa mapema. Mtoto wa miaka mitano au sita ambaye magego yanalegea na shavu linavimba hana shida ya meno ya utotoni. Asing'olewe na kurudishwa Mtongwe kwa feri na chupa ya paracetamol. Kipande chake hakiwezi kukaa wiki tatu kikisubiri gari la kwenda Nairobi.

Najua utakalojibiwa na wahasibu wako: pesa hazitoshi, kuna kina mama wa kujifungua, kuna malaria, kuna kipindupindu kila mvua ikinyesha, nani atashughulikia maradhi ya mtu mmoja mmoja. Ni hoja, siidharau. Ila angalia kwamba njia hii ninayoiomba haiwatumikii wenye uvimbe nadra pekee. Kopo hilo hilo la fomalini ndilo litakalobeba kidonda cha ulimi cha mvuvi kilichogoma kupona. Kanuni tunayoifuata ni kwamba kidonda cha kinywa kisichopona ndani ya wiki mbili, baada ya kuondoa kinachokikera, kikatwe kipande kipimwe. Na hapa Mombasa tuna sababu zetu za kuwa macho. Tambuu na popoo ni vitu vya baraza na harusi, nami mwenyewe nimekulia navyo, lakini popoo limeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO kuwa linasababisha saratani ya binadamu, na vijana sasa wananunua popoo na tumbaku kwenye vipakiti madukani. Wanatujia midomo haifunguki, mashavu kwa ndani yamekuwa meupe na magumu. Mtu ambaye vidole vyake vitatu haviingii tena kinywani hajui kuwa yuko kwenye njia ya saratani, na wengine huambiwa ni vidonda vya tumbo au upungufu wa vitamini.

Kwa hivyo utekelezaji, Mheshimiwa, nauona hivi. Toa waraka mmoja kwa vituo vyote vya kaunti, kuanzia Likoni hadi Jomvu, kwamba nyama ya kinywa haitupwi. Pamoja nao itoke fomu moja, ya ukurasa mmoja, ambayo maabara haitaipokea ikiwa haina umri, mahali pa uvimbe, umeanza lini, umekua kwa kasi gani, eksirei inaonyesha nini. Picha ya eksirei ipigwe kwa simu itumwe pamoja, hilo halihitaji mtambo. Kila hospitali iwe na mtu mmoja mwenye jina na nambari ya simu anayejua kopo gani limetoka lini na majibu yako wapi, ili mgonjwa asiwe ndiye tarishi wa nyama yake. Na kila mwezi wapasuaji wa kinywa, wataalamu wa patholojia, wa picha na sisi wa zahanati tukutane, iwe hospitali ya Makadara au mtandaoni pamoja na walimu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tuzipitie zile kesi ambazo picha na nyama hazikubaliani. Hizo ndizo zinazotupotezea watu.

Linabaki suala la malipo. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mgonjwa akiambiwa apimwe nyama swali lake la kwanza dirishani ni nani analipa. Asipopata jibu anakwenda nyumbani, na uvimbe wake unakwenda naye. Naomba kaunti iamue na itangaze kwamba kipimo cha nyama ya kinywa hakitazuiwa kwa kukosa pesa, kisha ninyi na SHA mtajuana kwenye vitabu.

Nimetaja vituo bila majina kwa makusudi. Waliofanya hayo si watu wabaya, ni watu wenye foleni ndefu na kabati isiyo na fomalini, na hakuna karatasi ya serikali inayowaambia la kufanya. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na Jedwali la Nne limeviweka vituo vya afya mikononi mwa kaunti. Karatasi hiyo ni yako kuiandika.

Nitashukuru nikipata jibu la maandishi, hata la mistari miwili, likitaja tarehe ya waraka. Rasimu ya fomu tayari ninayo, nimeiandika kwa Kiswahili na iko tayari kuletwa ofisini kwako siku yoyote utakayoniita.

Wako katika kazi,
Mtabibu wa meno, Kisauni, Mombasa