Barua ya wazi kwa vijana wa timu yetu mliosema hamchezi tena chini ya kocha huyu

Wanangu, salaam.

Nimesoma yote mliyoandika kwenye grupu juzi usiku, hata yale mliyoyafuta, maana kuna mtu alishanirushia mapema. Eti kocha ana upendeleo, eti anataka mpira wa kubutua na ninyi ni watu wa pasi, na wawili wenu tayari mmeanza kuulizia namba timu ya ng'ambo ya barabara. Kocha simtetei, mpira nimecheza na benchi linavyouma nalijua. Ila kwa kuwa mnapenda kujiita mafundi, acheni niwape habari za fundi mwenyewe, Michael Laudrup wa Denmark, maana ninyi mkisikia Denmark mnamjua Eriksen, kiungo wa siku hizi, basi.

Huyu jamaa kazaliwa 1964, baba yake Finn kachezea timu ya taifa, mdogo wake Brian naye hivyohivyo. Kachukua ubingwa wa Italia na Juventus 1986, kaenda Barcelona 1989 kwa kocha Cruyff, kabeba ligi nne mfululizo. Kazi yake pasi ya mwisho, macho yanaangalia kushoto mpira unaenda kulia, beki anabaki anajipapasa kama aliyechomolewa simu kwenye daladala. Sasa mtu wa namna hiyo, Novemba 1990, Denmark wamefungwa 2-0 kwao na Yugoslavia, akasema basi, timu ya taifa naacha, huu mpira wa kujihami wa kocha Richard Møller Nielsen siuwezi. Si ndio maneno yenu hayohayo?

Denmark wakakosa kufuzu Euro 92. Lakini Yugoslavia wakaondolewa sababu ya vita, zimebaki kama siku kumi tu mashindano yaanze, Denmark wakaitwa kuziba pengo. Brian naye alisusa ila alisharudi kikosini, Michael akakataa. Na ile timu ya kocha "asiyejua mpira" ikamtoa Uholanzi kwa penati kisha ikampiga Ujerumani 2-0 kwenye fainali pale Gothenburg, na mchezaji bora kuliko wote waliopata kutoka nchi ile hana hiyo medali mpaka leo.

Wengi wakisimulia wanaishia hapo. Mimi utamu nauona mbele. 1993 alirudi, kocha ni yuleyule! Na Januari 1995 kule Riyadh, Kombe la Mfalme Fahd, la mabingwa wa mabara, fainali na Argentina, Laudrup ndiye kafunga penati ya goli la kwanza wakashinda 2-0. Sidhani kama alikuwa ameanza kumpenda yule mzee, na wala haikuhitajika.

Msije mkaniambia "mzee anataka tukae tuonewe tu". Hapana jamani. 1994 Cruyff alimwacha nje fainali ya klabu bingwa Ulaya kule Athens, enzi hizo wageni uwanjani mwisho watatu na Barcelona walikuwa nao wanne, Koeman, Stoichkov, Romário na yeye. Milan wakawapiga 4-0. Laudrup akaondoka zake kwenda Real Madrid, na Januari 1995, mwezi uleule wa Riyadh, Real wakaichapa Barcelona 5-0 yeye akiwa ndani, na ubingwa akachukua tena, wa tano mfululizo. Kwahiyo kuondoka si dhambi. Ila timu ya taifa ukiisusa huna nyingine ya kuhamia, klabu zipo. Nyie wawili mnaoulizia namba ng'ambo, mmeshapewa jibu lolote au mnatisha tu?

Halafu akawa kocha, hapo ndipo nawaomba msome polepole. Hakuanzia juu, 2000 alikuwa msaidizi wa Morten Olsen timu ya taifa, ndio akaenda Brøndby, klabu ya kwao, akachukua ligi na kombe 2005. Akiwa kocha wa Getafe ya Hispania, 2008 robo fainali ya Kombe la UEFA na Bayern, kadi nyekundu dakika ya sita tu, watu kumi wakapambana mpaka dakika za nyongeza wanaongoza 3-1, Luca Toni wa Bayern akarudisha mawili mwishoni kabisa, 3-3, nje kwa ile sheria ya zamani ya magoli ya ugenini. Kocha anafanya nini pale? Anasimama tu.

Na akiwa kocha wa Swansea 2013, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza pale Wembley, wanaongoza Bradford 3-0, inapatikana penati. Nathan Dyer ana mawili anataka la tatu, De Guzman kaukumbatia mpira hatoi, wakazozana palepale dunia nzima inaangalia, timu inashinda! De Guzman akapiga akafunga, Dyer kanuna, na anayetakiwa kuwapatanisha hao ni Laudrup, yuleyule aliyesusa 1990. Walishinda 5-0, kombe kubwa la kwanza la klabu ile. Mwaka haukuisha, Februari 2014 akafukuzwa, kiti akapewa Garry Monk, beki wake mwenyewe.

Sasa Jumanne saa kumi jioni mazoezi yapo palepale. Kocha nimeongea naye, kakubali kuwasikiliza nusu saa kabla ya kuanza, semeni yote ila mmoja mmoja, na suala la namba sita mimi mwenyewe naona mna hoja. Ile grupu ya pili mliyofungua bila yeye ifungeni, na jezi mbili ambazo hazijarudi zije zimefuliwa.

Mzee wenu.