Barua ya wazi kwa wauguzi wenzangu mnaokaribia kustaafu Uingereza

Wadogo zangu,

Kwenye ile arusi ya Coventry mlinizunguka na swali moja: "Dada, unaishije porini na Wazungu watupu?" Nilicheka nikaendelea na pilau yangu. Leo nawajibu, maana wengi wenu mmebakiza mwaka au miwili na mipango yenu naijua: kuendelea kuomba zamu za usiku, au kukaa mkisubiri nyumba ya Kibaha iezekwe. Mimi nilichagua kijiji karibu na Ludlow, huku Shropshire, si mbali na mpaka wa Wales, na sijajuta.

Ila nilianza vibaya. Miezi sita nilikuwa natembea ukingoni mwa lami, magari yakinipitia ubavuni, kwa sababu mashamba yana uzio na geti nami najua adabu: shamba la mtu halikatizwi bila hodi. Kumbe ule mshale wa njano kwenye nguzo unaonyesha njia ya umma, na mwenye shamba hawezi kukufukuza humo. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za namna hiyo. Nunueni ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, yenye kipimo cha 1:25,000, njia zote zimechorwa humo kwa vistari vya kijani. Siku niliyojitia moyo nikakatiza shamba la ngano, mkulima alinipungia mkono kutoka kwenye trekta akaendelea na kazi yake. Na mimi nilikuwa nimeshatunga hotuba nzima ya kujitetea! Miaka thelathini ya kulipa kodi hapa, na bado nilijihesabu mgeni. Muwaogope ng'ombe wenye ndama tu, hasa mkiwa na mbwa.

La pili ni udongo. Halmashauri hukodisha vishamba, wenyewe huviita alotimenti. Kipande kamili ni kama mita za mraba 250, lakini ombeni nusu, magoti yenu mnayajua. Na jiandikisheni sasa hivi, maana foleni huwa ndefu. Sukuma wiki hustahimili baridi kabisa, na ikipigwa na jalidi huwa tamu zaidi. Maboga yapandeni nje mwishoni mwa Mei, jalidi ikishapita.

Mzee wa kishamba cha jirani alikuwa akikata majani ya maboga na kuyatupa kwenye lundo la mboji. Nilivumilia wiki mbili. Ya tatu nikamwomba, nikageuza ndoo nikaikalia, nikaanza kuvua nyuzi jani moja moja, naye amesimama pale na kikombe cha chai kinapoa mkononi. Kesho yake nilimpelekea bakuli, yameungwa kwa nazi ya kopo na karanga. Hakusema neno. Jumamosi nikakuta ndoo imejaa majani mlangoni kwangu, machanga yote, tena ameyachagua vizuri kuliko mimi.

Sitawaficha baridi. Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, na nyumba ikinyamaza, inanyamaza kweli. Mwaka wa kwanza nililia. Dawa niliyoipata ni kutoka nje kila siku kabla ya saa nane mchana, hata kama ni kugeuza udongo tu. Ukichimba, robini anakuja, kale kandege kenye kifua chekundu, anasimama hatua mbili kutoka kwenye jembe akingoja minyoo. Nilishajizoeza kumsalimia kwa Kiswahili. Halafu Juni inakulipa deni lote: saa tatu usiku bado naona kumwagilia.

Neno moja la kikazi: msiende kijiji kisicho na basi. Leseni ya udereva hapa hufikia kikomo ukitimiza miaka 70, kisha unaihuisha kila baada ya miaka 3, na macho yana siku zake. Ukifikia umri wa pensheni ya serikali unapata kadi ya basi la bure England nzima, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Ndiyo maana mabasi ya saa hiyo yamejaa mvi zetu. Mimi hushukia sokoni Ludlow, chini ya ngome, nanunua jibini na samaki, na kurudi na habari za watu wote wa bondeni. Jumapili msitegemee basi.

Njooni Septemba. Beri nyeusi zimeiva kwenye miiba ya kando ya njia na hakuna wa kukuuliza. Wazee wa huku husema baada ya tarehe 29 zisichumwe, eti shetani ameshazitemea mate, kwa hiyo msicheleweshe. Viatu vya mpira ninavyo jozi nne. Ndoo mje nazo.

Dada yenu,
Shropshire