Mfanyakazi mpya apewe mwenyeji, si fagio tu

Mhariri,

Hoteli nyingi za hapa Malindi hufungwa masika yanapokolea, zikafunguliwa tena kuelekea Julai Waitaliano wanapoanza kurudi. Ndipo unapowaona vijana wa Muyeye, Maweni na Kisumu Ndogo wamepanga foleni getini, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Mimi nilikuwa mkuu wa vyumba katika hoteli za pwani hii mpaka nikastaafu, na leo nina neno na wanaowaajiri, hasa kuhusu siku ile ya kwanza.

Binti wa jirani yangu aliajiriwa msimu uliopita. Kabla hajaruhusiwa kugusa ndoo alitakiwa alete kitambulisho, PIN ya KRA ya kodi, nambari ya NSSF ya pensheni, usajili wa SHA wa bima ya afya, cheti cha afya na cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho peke yake ni shilingi 1,050. Mamake alikopa kwenye chama cha kuweka akiba. Aliambiwa awe kazini saa moja asubuhi, naye akawahi. Askari wa geti hakuwa na jina lake. Alikalishwa benchi la nje mpaka saa nne, ndipo meneja wa zamu akatoka akamwuliza, "Wewe umeletwa na nani?" Akarushiwa sare ya mtu mnene, akapewa fagio, akaonyeshwa ghorofa ya juu kwa kidole. Ndiyo karibu yake hiyo. Jioni alipita kwangu, hata kuketi hataki. "Shikamoo mama. Tangu asubuhi sijaenda haja. Choo cha wafanyakazi sikijui kiliko, na cha wageni nimeogopa kuingia."

Yeye alipeleka karatasi sita. Wao hawakumpa hata moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuwaacha waajiri huru hivyo. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na msimu mzima wa watalii unafika hapo bila shida. Mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, ni juu ya mwajiri kuhakikisha ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 10 kinataka aandikiwe kazi yake ni ipi, saa zake, mshahara wake na unalipwa lini, kabla ya miezi 2 kwisha tangu aanze. Wapo wenye hoteli wanaodhani kutoandika chochote ni ujanja. Wajue tu kwamba kesi ikifika mahakamani na karatasi hakuna, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia mwajiri.

Lakini karatasi inaweza kungoja wiki. Dawa za kusafishia haziwezi kungoja hata saa moja. Maji ya visima vya huku yana chumvi, na kwenye mabomba na masinki huacha utando mweupe usiotoka kwa sabuni. Kwa hiyo stoo ya hoteli ina dawa ya choo yenye asidi, na pembeni yake iko jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Msichana aliyezoea kufua kwao anaona vitu viwili vya kusafishia, anaona choo kichafu, na siku ya kwanza anataka kuonekana hodari. Anavimimina pamoja. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na vile vyoo vya hoteli vina kidirisha kama cha njiwa. Macho yanachoma, kifua kinabana, na akiendelea kuinama pale kusugua anaweza kuumia mapafu. Kumwambia "hiki na hiki havikutani, fungua mlango kwanza, vaa glavu" ni maneno ya nusu dakika. Nani kazi yake kuyasema? Ukiuliza hoteli nyingi, meneja atakwambia supavaiza, supavaiza atakwambia wenzake watamwelekeza, na hao wenzake wanajua hawakutumwa.

Hapo ndipo ninapopataka. Mfanyakazi mpya apewe mwenyeji mmoja, mwenye jina, aliyeandikwa kwenye ratiba ya zamu. Si lazima awe mkubwa. Awe anajua choo kiko wapi, chakula cha wafanyakazi ni saa ngapi, mkoba unawekwa wapi, anayetaka kuswali adhuhuri anaswalia wapi na anamuaga nani. Hayo mtu mzima huona haya kuyauliza.

Na amweleze habari ya vitu vilivyosahauliwa. Kuna jambo lililowahi kuniuma sana: msichana mwaminifu kabisa aliokota saa ya mgeni wa hoteli chini ya mto, akaitia mfukoni mwa aproni ili amkabidhi supavaiza jioni, maana hakuna aliyemwambia kwamba kitu kama hicho hupelekwa mapokezi papo hapo na kuandikwa kitabuni. Mwenye saa alirudi kutoka ufukweni kabla ya jioni. Mnajua yaliyofuata.

Najua nitajibiwa kwamba Agosti hakuna nafasi ya kumtembeza mtu. Sawa. Lakini Agosti hiyo hiyo mnapata nafasi ya kuyarudia mashuka yaliyotandikwa vibaya, na ya kutafuta mtu mwingine huyu akitoroka siku ya tatu.

Kikwazo cha kweli hakisemwi ofisini, nacho ni bakshishi. Waitaliano wengine hurudi hoteli ile ile kila mwaka, na wana mtu wao wa chumba wanayemjua. Huyo mwenye korido yake akimwona mfanyakazi mpya anakuja na ndoo, anaona mdomo mwingine umeongezwa kwenye sahani yake. Atamficha njia, atampa vyumba vya wasiotoa kitu, atamwacha akosee. Mimi siwalaumu sana, mishahara yetu mnaijua. Ila jambo hili halimalizwi kwa kuwahimiza watu wapendane. Lisemwe siku ya kwanza, wote wawili wakisikia: wiki ya kufundishana bakshishi ya korido ni ya mwenyeji, baada ya hapo kila mtu na vyumba vyake. Nililipanga hivyo nilipokuwa kazini, na waliokuwa wakikwepa wafanyakazi wapya wakaanza kuwagombania.

Na siku hiyo mwenyeji apunguziwe vyumba. Akiachiwa vyumba vyake vyote na mfanyakazi mpya juu yake, atamwambia "nifuate", kisha atatoka mbio.

Mkuu wa vyumba mstaafu,
Barani, Malindi